Kitambaa Chenye Jina la Mtoto

  Nawe unayesoma ukurasa huu baada ya kusikiliza, kaa mahali penye mwanga, weka kidole chini ya mstari, usome polepole. Neno likikushinda, livuke kwanza, kisha ulirudie.

Katika somo lililopita kila mmoja aliandika jina lake mwenyewe na jina la baba yake. Najua wengine walitoka jasho, maana mkono uliozoea jembe hauizoei kalamu kwa siku moja. Leo nitakueleza habari za watu walioandika jina la mtoto kwa sindano na uzi, tena mtoto mwenyewe alikuwa bado hajaota meno. Kazi hiyo nayo iliwatoa jasho.

Kwanza tushike maneno matatu. Neno la kwanza ni gombo. Gombo ni kitabu cha zamani kisichokuwa na kurasa za kufunua. Ni ngozi ndefu, au karatasi ndefu, inayokunjwa kwa kuviringishwa kama mkeka. Neno la pili ni kitani, yaani nguo inayofumwa kwa nyuzi za mmea uitwao kitani. Ni nguo nyeupe, nzito kidogo kuliko pamba, nayo hudumu sana. Neno la tatu ni kutarizi. Kutarizi ni kushona maua, picha au herufi juu ya nguo kwa uzi wa rangi. Ukiwa umeona kofia nzuri ya kiua, umeona kazi ya sindano iliyo ndugu ya kutarizi.

Haya, sasa twende Ulaya. Watu tutakaowaeleza ni Wayahudi waliokaa Ujerumani, hasa upande wa kusini, na katika nchi ya Alsace, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Desturi hii ilikuwapo pia Uswisi na katika nchi za Bohemia na Moravia, ambazo leo ni Jamhuri ya Cheki. Usifikiri kuwa Wayahudi hao wote walikuwa matajiri wa mjini. Wengi walikaa vijijini. Walifanya biashara ya ng'ombe, au walitembea na mzigo mgongoni, wakiuza vitambaa, sindano na vifungo nyumba kwa nyumba. Kijiji kilikuwa na sinagogi lake, yaani nyumba ya kusali, na mara nyingi sinagogi hilo lilikuwa nyumba ndogo tu kama nyumba nyingine za majirani.

Ndani ya sinagogi kuna kabati takatifu, na ndani ya kabati hilo yamo magombo ya Torati. Torati ni vitabu vitano vya Musa. Kila gombo huandikwa kwa mkono, juu ya ngozi, kwa kalamu na wino, bila mashine yoyote. Wayahudi wamezihesabu herufi zake: ni 304,805. Mwandishi mmoja akifanya kazi kwa bidii anaweza kutumia mwaka mzima kuandika gombo moja, na herufi ikikosekana au ikifutika, gombo halisomwi mpaka litengenezwe. Ngozi yenyewe haiguswi kwa mkono mtupu. Msomaji hufuata mistari kwa kijiti cha fedha chenye umbo la mkono mdogo, wenye kidole kimoja kilichonyoshwa. Nimekuambia uweke kidole chini ya mstari. Basi waona kwamba hata wasomaji wakubwa hufanya hivyo, ila kidole chao ni cha fedha.

Sasa fikiri. Gombo limezungushwa juu ya miti miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia. Likiinuliwa bila kufungwa, litajikunjua na kuanguka. Kwa hiyo lazima lizungushiwe ukanda wa kitambaa, kisha livikwe joho lake juu. Ukanda huo wa ndani ndio habari yetu ya leo. Wajerumani waliuita wimpeli. Katika nchi ya Alsace uliitwa mapa. Mahali pengi Wayahudi hufunga magombo yao, lakini hawa wa Ujerumani na majirani zao walitengeneza ukanda huo kwa nguo ya namna ya pekee. Walitumia nguo aliyofungiwa mtoto mchanga siku ya kutahiriwa.

Mtoto wa kiume wa Kiyahudi hutahiriwa siku ya nane baada ya kuzaliwa. Hangojwi mpaka awe mkubwa wa kwenda jandoni. Mtu mwenye heshima humpakata juu ya magoti, ngariba hufanya kazi yake, mtoto hulia, halafu hapewa jina. Maana jina la mtoto wa kiume hutajwa siku hiyo hiyo ya tohara, mbele ya watu. Katika Ujerumani ya zamani mtoto aliletwa amefungwa nguo ya kitani nyeupe, na nguo hiyo haikutupwa wala haikukatwa kuwa matambara. Ilifuliwa ikawekwa.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya jambo hili. Katika mji wa Mainz, kando ya mto Rhine, alikuwako mwalimu mkubwa wa sheria aitwaye Jacob Moelin, aliyefariki mwaka 1427. Siku moja alihudhuria tohara, na alipokwisha kutahiriwa mtoto, ngariba akatazama huku na huku. Kitambaa cha kumfungia mtoto hakikuletwa. Damu inatoka, watu wanahangaika. Mwalimu akaamuru wachukue ukanda wa gombo la Torati wamfungie mtoto. Nafikiri wengine walishtuka: kitambaa cha kitabu kitakatifu kifunge kidonda! Lakini mwalimu alisema uhai wa mtoto unatangulia. Baadaye ukanda ufuliwe, urudishwe sinagogini, na wazazi watoe fedha kidogo ili mali ya sinagogi isitumike bure.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Katika kisa hiki kitambaa cha kitabu kilikwenda kwa mtoto. Katika desturi iliyoenea baadaye, kitambaa cha mtoto ndicho kinachokwenda kwa kitabu. Wako wanaosema kuwa kisa hiki ndicho chanzo cha desturi yenyewe. Vitambaa vya zamani kabisa vilivyosalia mpaka leo ni vya miaka ya 1500 na kitu.

Haya, nguo imefuliwa. Inatengenezwaje? Hapa tutafanya hesabu kidogo. Chukua nguo ya mraba, kila upande sentimeta 80. Ikate vipande vinne, kila kimoja upana wa sentimeta 20. Viunge kimoja baada ya kingine, ncha kwa ncha. Utapata ukanda wa urefu gani? Mara nne sentimeta 80 ni sentimeta 320, yaani mita tatu na zaidi. Wengine walikata vipande vitatu tu. Vitambaa vingi vilivyohifadhiwa vina vipimo kama hivyo, na ukitazama vizuri utaona mishono ile mahali vipande vilipounganishwa. Mshono unapita katikati ya maua au hata katikati ya neno, na hakuna aliyejali kuuficha. Nguo ni ile ile ya mtoto. Hakuna haja ya kujifanya kuwa ni mpya.

Baada ya kuunga, kazi ya maandishi huanza. Mara nyingi mtu aliyejua kuandika vizuri, labda mwalimu wa watoto au msomaji wa sinagogi, alichora kwanza herufi juu ya kitani. Halafu mama wa mtoto, au bibi yake, au shangazi, alizifuata herufi hizo kwa sindano na uzi wa hariri, wa rangi nyekundu, kijani, manjano na buluu. Herufi ni kubwa, zinakaribia kujaza upana wote wa ukanda, na ndani ya kila herufi mna nakshi: hapa vikuba vidogo, pale magamba kama ya samaki, pale mistari ya kukatana. Nimesema kwamba mwingine alichora na mwingine akashona. Jambo hilo linanipendeza. Mwanafunzi anayefuata kwa penseli herufi alizochorewa na mwalimu wake hana sababu ya kuona haya, kwa sababu kazi nyingi nzuri duniani zimefanywa hivyo hivyo.

Miaka ya 1700 ilipopita na ya 1800 kuendelea, watu wengi waliacha kutarizi wakaanza kupaka rangi kwa brashi juu ya kitani. Kazi ya brashi ni rahisi kuliko ya sindano, na gharama yake ni ndogo. Mimi binafsi napenda vile vya sindano, lakini vya rangi navyo vina uchangamfu wake, hasa vya Alsace.

Sasa tusome maandishi yenyewe. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu, kwa hiyo watu wa pwani waliosoma chuoni utotoni hawatapata taabu kulielewa jambo hili. Karibu vitambaa vyote hufuata mpango mmoja. Kwanza jina la mtoto, kisha "mwana wa", na jina la baba yake. Pengine hufuata neno la heshima kwa baba, au la kumwombea maisha. Kisha husemwa kuwa mtoto alizaliwa kwa nyota njema, siku fulani ya juma, tarehe fulani ya mwezi fulani, mwaka fulani. Mwisho huja maombi, nayo ni matatu: Mungu amkuze apate kufikia Torati, apate kufikia dari ya arusi, apate kufikia matendo mema. Halafu amina.

Hebu tuyaeleze hayo matatu. Kufikia Torati maana yake ni kuelimika, kujua kusoma sheria na kuifuata. Dari ya arusi ni kitambaa kinachoinuliwa kwa fito nne, na bwana arusi na bibi arusi husimama chini yake. Wayahudi huiita hupa. Basi ombi la pili ni mtoto aishi mpaka aoe. Matendo mema hayahitaji maelezo. Zamani zile watoto wachanga walikufa kwa wingi, kila nchi na kila kabila. Mama aliyetarizi neno hupa juu ya nguo ya mtoto wa miezi michache alikuwa akiomba miaka ishirini, na alijua kuwa huenda asiipate.

Neno moja juu ya tarehe, maana hapa pana jambo la kupendeza. Kiebrania hutumia herufi kuwa tarakimu. Herufi ya kwanza, alefu, ni 1. Ya pili, beti, ni 2. Yodi ni 10. Kofu ni 100. Tavu, ya mwisho, ni 400. Nayo miaka yao huhesabiwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu kwa hesabu yao, kwa hiyo imekwisha kupita elfu tano. Lakini katika kuandika, ile elfu tano huachwa, kwa sababu kila mtu anaijua. Nasi tukisema "mwaka wa sitini na moja", haturudii kutaja kumi na tisa mia.

Tufanye mfano. Kitambaa kina herufi tatu za mwaka: tavu ni 400, kofu ni 100, sameki ni 60. Jumla ni 560. Ongeza 5,000, upate 5,560. Sasa toa 3,760. Jibu ni 1,800. Mtoto huyo alizaliwa mwaka 1800. Ila kumbuka kuwa mwaka wao huanza karibu na Septemba au Oktoba, kwa hiyo aliyezaliwa katika miezi ile ya kwanza, kabla ya Januari, hutolewa 3,761. Rudia hesabu hii mara mbili, kwa sababu utaihitaji mwishoni mwa somo.

Nimetaja nyota. Kwa Kiebrania neno lile lenye maana ya bahati, mazali, kwanza lilikuwa na maana ya nyota. Nasi tunasema mtoto amezaliwa na nyota ya jaha. Basi kando ya tarehe mara nyingi walitia picha ya nyota ya mwezi ule: mizani, nge, samaki wawili, simba, mtungi wa maji. Wazee wetu wa pwani wanazijua nyota hizo hizo kumi na mbili kwa majina ya Kiarabu, Hamali, Thauri, Jauza, na kadhalika, kwa sababu elimu ya nyota imetembea nchi nyingi.

Picha nyingine zilifuata jina. Mtoto aitwaye Yuda huenda akawekewa simba, na mtoto aitwaye Naftali akawekewa paa, kwa sababu katika Biblia Yakobo aliwafananisha wanawe hao na wanyama hao. Mahali palipoandikwa Torati pamechorwa gombo. Mahali palipoandikwa hupa wanasimama bwana na bibi arusi wadogo, wamevaa nguo za zama zile na za nchi ile: kofia pana, au baadaye koti refu jeusi. Wenye kuchunguza mavazi ya wanavijiji wa zamani hutazama picha hizi kwa makini. Tena kuna ndege, maua, nyoka aliyejikunja kuwa herufi, na samaki aliyemeza mkia wa herufi nyingine. Sheria za kusali ni kali, lakini mkono wa mchoraji uliachiwa kucheza.

Kitambaa kikiwa tayari, kilingoja nyumbani. Mtoto alipofika kiasi cha miaka mitatu, mahali pengine mapema zaidi, baba yake alimchukua sinagogini siku ya Sabato. Wazee waliweka shabaha moja ya kawaida kabisa: mtoto awe amekwisha kuacha kujikojolea, asije akaharibu ibada. Gombo liliposomwa na kuinuliwa, mtoto alitoa kitambaa chake, na kwa mkono wa baba yake akasaidia kulizungushia gombo. Mita tatu, mzunguko baada ya mzunguko. Jina lake likafunga kitabu. Baada ya ibada, nyumbani kulikuwa na matunda, keki na vinywaji kwa jamaa na majirani.

Desturi haikuishia hapo. Kitambaa kilibaki sinagogini. Kijana alipotimiza miaka 13 akasimama mara ya kwanza kusoma Torati mbele ya watu, gombo la siku ile lilifungwa kwa kitambaa chake. Sabato ya kukaribia arusi yake, vile vile. Kwa hiyo maombi yale matatu yalitimia moja baada ya moja juu ya kitani ile ile.

Huenda mama mmoja darasani amekwisha kuuliza: Na binti je? Swali ni haki. Kwa desturi ile ya zamani binti hakuwa na kitambaa, kwa kuwa hakutahiriwa. Lakini huko huko vijijini walikuwa na sherehe nyingine ya jina, nayo ilikuwa ya watoto wote, wa kiume na wa kike. Watoto wa kijiji walizunguka kitanda cha mtoto mchanga, wakakiinua juu, wakapiga kelele wakiuliza ataitwa nani, kisha wakalitaja jina kwa sauti, mara tatu. Halafu waligawiwa matunda na vitu vitamu. Siku zetu hizi zipo jamaa za Kiyahudi, hasa Marekani, zinazowatengenezea binti vitambaa pia. Nao wanawake wa Kiyahudi wa Italia walikuwa na njia yao: walitarizi kanda za hariri za kufungia Torati na kuandika juu yake majina yao wenyewe, ya wanawake. Mimi naona hawa wa Italia waliwatangulia wengine katika jambo hilo.

Vitambaa viliongezeka kila mwaka. Kila mtoto wa kiume na chake. Katika sinagogi la mji mkubwa vilifika mamia, vimekunjwa na kupangwa katika makabati na masanduku. Hapakuwa na aliyekusudia kufanya daftari la vizazi, lakini ndivyo ilivyotokea: jina, baba, siku, mwezi, mwaka. Kijiji kizima cha wanaume kilikuwa kimekunjwa kabatini.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 1933 chama cha Hitler kilishika serikali ya Ujerumani, na Wayahudi wakaanza kunyang'anywa kazi, mali na haki zao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, masinagogi yalitiwa moto au kuvunjwa kote nchini, zaidi ya 1,000. Magombo yalitupwa barabarani. Vitambaa vilivyokuwa makabatini viliungua pamoja nayo. Kisha ikaja vita, na katika vita hiyo Wayahudi wapatao milioni sita wa Ulaya waliuawa, wazee kwa watoto. Katika vijiji vingi vya kusini mwa Ujerumani, ambamo Wayahudi walikuwa wamekaa kwa mamia ya miaka, hakubaki hata mmoja.

Lakini kitani hudumu, kama nilivyokuambia. Waliowahi kukimbia, wengine walitia kitambaa ndani ya sanduku pamoja na nguo zao. Walikwenda Marekani, Uingereza, Palestina, Amerika ya Kusini. Wachache walifika hata Kenya. Katika mtaa wa Washington Heights, mjini New York, ambako maelfu ya Wayahudi wa Ujerumani walifikia, desturi ya wimpeli iliendelea, na watoto waliozaliwa ugenini wakaandikiwa majina yao kama babu zao.

Vingine vilisalia kwa njia ya ajabu. Katika mji wa Prague palikuwa na makumbusho ya Kiyahudi iliyoanzishwa mwaka 1906. Tangu mwaka 1942, wakati wenyeji walipokuwa wakichukuliwa kupelekwa makambini, vyombo vya masinagogi ya Bohemia na Moravia vililetwa katika makumbusho hiyo: magombo, vyombo vya fedha, na vitambaa kwa maelfu. Wafanyakazi wa Kiyahudi walivipokea, wakaandika kila kimoja katika kadi, kimetoka wapi, kimeandikwa nini. Kisha wengi wa waandishi hao nao wakachukuliwa, wasirudi. Kadi zao zipo. Nadhani ni haki kusema kuwa wale watu walifanya kazi ya kusoma na kuandika katika saa mbaya kuliko zote, na waliifanya kwa uangalifu.

Na vingine vilikuwa darini. Sheria ya Wayahudi hairuhusu kutupa kitu kilichochakaa chenye jina la Mungu au kilichotumika katika ibada. Hufukiwa, au huwekwa mahali pa kando, na mara nyingi mahali hapo palikuwa chini ya paa la sinagogi. Baada ya vita, masinagogi ya vijijini ambayo hayakuungua yalitumiwa kuwa maghala, karakana, hata nyumba za watu. Sinagogi la kijiji cha Veitshöchheim, karibu na mji wa Würzburg, lilikuwa limefanywa kituo cha zimamoto. Mwaka 1986 mafundi walipolitengeneza walikuta darini rundo la karatasi za vitabu, kalenda za zamani na vitambaa, vimekaa hapo gizani pamoja na vumbi na panya. Katika dari za namna hiyo, katika vijiji mbalimbali, zimeonekana kanda zetu pia, pengine nzima, pengine zimekatika vipande.

Wataalamu huzifua polepole, huzinyosha, huzisoma. Hulichukua jina na tarehe wakazilinganisha na madaftari ya serikali na mawe ya makaburi. Ndipo hupata kujua kuwa huyu alikua akawa mfanyabiashara ya ng'ombe, akaoa, akafa mzee kitandani. Huyu alivuka bahari. Huyu alikufa mdogo kabla kitambaa chake hakijafikishwa sinagogini. Kwa waliozaliwa zamani, miaka ya 1700 na 1800, ni habari za kawaida za wanadamu. Kwa waliozaliwa baada ya mwaka 1920, msomaji huanza kuogopa kabla hajafungua daftari. Torati, hupa, matendo mema, yote yameandikwa kwa rangi nzuri, na penye hupa bwana na bibi arusi wadogo wamesimama wameshikana mikono.

Wakati wetu umekwisha. Haya ndiyo mazoezi ya juma hili. La kwanza, chukua karatasi ndefu, au kipande cha nguo nyeupe ukiwa nacho, uandike kwa herufi kubwa jina la mtoto mmoja wa nyumbani kwako, jina la baba yake, siku, mwezi na mwaka aliozaliwa. Usipojua tarehe, muulize mama yake, usikisie. Chini yake andika mambo matatu unayomtakia, kila moja kwa neno moja au mawili, usizidishe.

La pili ni hesabu. Kitambaa kimoja kina herufi nne za mwaka. Ya kwanza ni 400, ya pili ni 200, ya tatu ni 8, ya nne ni 90. Mtoto alizaliwa wakati wa masika, kwa hiyo tumia 3,760. Ongeza, kisha utoe. Andika mwaka uliopata, na kando yake uandike mtoto huyo alikuwa na umri gani usiku ule wa Novemba niliokueleza.

Mpe mwalimu wa darasa lako karatasi yako. Majibu tutayasoma katika somo lijalo. Kwa herini.